Kadi ya Kumbukumbu: Kutoka Marufuku ya 1974 hadi Swali la Mpwa Wangu wa Buguruni

Jumamosi moja mpwa wangu anayeishi Buguruni Malapa alinijia nyumbani na kifaa ambacho, kwa kuwa sikuwa nimevaa miwani, nilikidhania redio ya gari iliyong'olewa. Kilikuwa kompyuta. Si simu, wala si kile kisanduku cha michezo tulichokizoea miaka ya nyuma, bali kompyuta kamili yenye mfumo endeshi wake, iliyotiwa katika umbo la kushikwa kwa mikono miwili, kioo katikati na vitufe pande zote. Inaitwa Steam Deck, imetengenezwa na kampuni ya Kimarekani ya Valve, na ilianza kuuzwa Februari 2022. Ya mpwa wangu ni ile ya bei ya chini kabisa ya toleo la kwanza, yenye hifadhi ya ndani ya gigabaiti 64. Aliletewa na binamu yake anayefanya kazi Muscat, ikiwa imekwisha kutumika.

"Shikamoo mjomba. Nataka memori kadi ya hii. Ninunue ipi?"

Swali lilikuwa dogo na la haki. Michezo ya siku hizi ni mizito. Mmoja peke yake huweza kudai gigabaiti 50, 100 au zaidi, na katika zile 64 mfumo endeshi umekwisha kujichukulia sehemu yake. Bila kadi ya nje, kifaa kile ni kabati lenye rafu moja. Ningeweza kumjibu kwa sentensi mbili na kumwacha aende zake Kariakoo. Lakini mtu aliyesomea historia akiulizwa bei ya samaki huanza na habari za ziwa, na siku hiyo nilikuwa na sababu yangu binafsi ya kuanzia mbali, ambayo nitaieleza kwa wakati wake.

Nilimwuliza kama anajua kwamba kile alichokishika kiliwahi kupigwa marufuku nchini. Alicheka. Hakuamini.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mashine ya Kiingereza ya aina ya ICT 1500. Baadaye zikaja nyingine kubwa zaidi, na Serikali ikaamua kuhamishia hesabu zake humo. Jaribio hilo lilikwenda vibaya. Wataalamu wa ndani walikuwa wachache mno, waliojua mashine walikuwa wageni wenye mikataba, na hesabu zilizotakiwa kutoka zikiwa safi zikatoka zimevurugika, kiasi kwamba Hazina ilirudi kwenye vitabu na kalamu. Kisha mwaka 1974 ikatolewa amri ya kuzuia uingizaji wa kompyuta na, pamoja nazo katika pumzi ileile, seti za televisheni. Tusisahau mwaka wenyewe: bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla, mvua zilikuwa zimekatika, fedha za kigeni zilitafutwa kwa tochi ili kununulia chakula.

Wasomi wengi wa kizazi changu huisimulia amri hiyo kama kichekesho. Mimi sicheki nao, ingawa pia siitetei. Dawa ilikuwa mbaya, maana ujinga hautibiwi kwa kufunga mlango, na nchi ililipa gharama ya kuchelewa kwa miaka mingi. Lakini nyuma ya amri ile palikuwa na swali la maana ambalo tangu hapo sijaliona likiulizwa tena kwa uzito uleule: mashine ikipoteza kumbukumbu tuliyoikabidhi, nani anawajibika? Mwaka 1974 aliyeumia alikuwa Hazina, na Hazina ina sauti. Leo anayeumia ni kijana wa Buguruni mwenye kadi ya ukubwa wa kucha.

Marufuku ililegea polepole katika miaka ya 1980. Bajeti ya 1984 iliruhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa bila kuulizwa maswali mengi, na baada ya Mzee Mwinyi kushika urais mwaka 1985 mlango uliokuwa umeegeshwa ukafunguliwa. Redio kaseti zikajaa, deki za video zikafuata. Kumbuka kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya 1970, ilhali Bara tulisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Katika pengo hilo la miaka ishirini, Mtanzania wa Bara aliona picha zinazotembea kwenye jumba la sinema au kwenye kanda ya video, basi. Hivyo kwetu kanda ilitangulia kituo, na tulijifunza kuhifadhi kabla ya kujifunza kutazama kwa ratiba ya mtu mwingine.

Kulikuwa na hifadhi mbili za sauti za taifa hili. Moja ilikuwa Redio Tanzania, Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Bendi zetu zilirekodi pale kwa sababu hapakuwa na pengine, na kanda zile kubwa zikabaki rafuni chini ya ulinzi wa dola. Ya pili haikuwa na jengo. Ilikuwa katika kaseti za watu, zilizorekodiwa kutoka redioni kwa kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, zikaazimwa, zikanakiliwa, zikaandikwa majina kwa kalamu ya wino. Sheria iliiita hii ya pili wizi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ambayo chini yake COSOTA ilianza kazi mwaka 2001, ilikuja kumlinda mwanamuziki aliyekuwa akiuza kaseti moja huku mtaani zikizunguka kumi. Sina ugomvi na lengo hilo, kwa kuwa najua wanamuziki waliokufa maskini huku nyimbo zao zikiimbwa kila harusi. Lakini mwanahistoria lazima aseme na upande wa pili: kunakili kulikuwa pia namna ya kutunza. Nyumba ikiungua, nakala ilibaki kwa jirani. Mtaa mzima ulikuwa maktaba isiyo na mkutubi.

Hata filamu tulizifanya zetu kwa njia hiyo. Wakazi wa Dar es Salaam wa umri wangu wanamkumbuka Lufufu, aliyezitafsiri filamu za kigeni kwa sauti yake mwenyewe juu ya sauti za waigizaji, akiongeza methali, vichekesho na majina ya mitaa yetu. Filamu iliingia vibandani ikiwa ya kigeni na kutoka ikiwa na lafudhi ya uswahilini.

Vibanda hivyohivyo ndivyo vilivyoipokea PlayStation. Sony waliitoa Japani Desemba 1994, nasi tukaanza kuiona Ilala, Buguruni na Temeke miaka michache baadaye, ikiwa imefungwa kwenye televisheni ya kioo kinene, watoto wanne kwenye benchi na wengine saba wamesimama nyuma wakitoa ushauri ambao hakuna aliyewaomba. Ulilipa kwa mchezo au kwa dakika. Muda ukiisha, mwenye kibanda alizima au kumpa mwingine, na kila ulichokijenga kikafutika.

Isipokuwa ulikuwa na kadi. Hapa ndipo neno "memori kadi" lilipoingia katika Kiswahili cha vijana wa mjini, miaka kadhaa kabla halijahamia kwenye simu. Kadi ya PlayStation ile ya kwanza ilikuwa kipande cha plastiki kisichozidi ukubwa wa kisanduku cha kiberiti kilichobanwa, chenye uwezo wa kilobaiti 128 uliogawanywa katika nafasi 15. Kilobaiti 128! Kadi ya gigabaiti 512 anayoitaka mpwa wangu ingemeza kadi za aina hiyo milioni 3.9. Lakini mdogo wangu aliyekuwa nayo moja, aliyoinunua kwa kudunduliza hela ya nauli na kutembea kwa miguu kutoka shule, aliivaa shingoni kwa kamba ya kiatu kama hirizi. Alipofika kibandani aliichomeka, na msimu wake mzima wa mpira ulikuwa pale ulipoishia jana: timu, magoli, pesa za usajili. Watoto wengine walianza upya kila siku. Yeye peke yake alikuwa na jana.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi nikiwa darasani nikizungumzia mali binafsi. Mashine ilikuwa ya mwenye kibanda, umeme wa shirika, televisheni ya mkopo, na mchezo wenyewe ulikuwa nakala isiyo halali. Kitu pekee ambacho mtoto aliweza kukimiliki katika mfumo mzima ule ilikuwa kumbukumbu yake. Siku kadi ya mdogo wangu ilipofutika, pengine kwa sababu mtu aliichomoa wakati inaandika, alilia kwa namna ambayo mama yetu alidhani kuna msiba.

Teknolojia iliyo ndani ya kadi hizo ina baba, na habari zake zinastahili kujulikana na kila mfanyakazi. Fujio Masuoka alikuwa mhandisi wa Toshiba nchini Japani. Mwaka 1984 aliwasilisha hadharani aina mpya ya kumbukumbu ya kielektroniki inayobaki na maandishi yake hata umeme ukikatika, na inayofutika kwa fungu zima kwa mkupuo. Mwenzake mmoja kazini aliona ufutaji huo unafanana na mmweko wa kamera, na jina la flashi likatoka hapo. Mwaka 1987 ikafuata aina ya NAND, ambayo ndiyo iliyomo katika simu yako, katika flashi ya ofisini kwako na katika kadi hizi. Ni uvumbuzi uliozaa mabilioni ya dola. Masuoka aliona amepewa kiasi kidogo mno, akamshtaki mwajiri wake wa zamani akidai yeni bilioni moja, na mwaka 2006 wakamalizana kwa yeni milioni 87. Nawaachia wanafunzi wangu wa uchumi wa siasa wapige hesabu ya thamani ya ziada.

Mwaka 1999 Toshiba, Matsushita na SanDisk walikubaliana umbo moja la kadi, ile ya SD. Kutoka hapo ikapunguzwa na kupunguzwa, hadi mwaka 2005 likathibitishwa umbo la microSD, milimita 15 kwa 11, unene wa milimita moja. Ndicho kijikadi tunachokijua sote. Kilikuja wakati mwafaka kwetu, kwa sababu miaka hiyohiyo simu za bei nafuu kutoka China zilianza kumiminika Kariakoo, nyingi zikiwa na nafasi ya kadi. Wafanyabiashara waliokuwa wakienda Dubai katika miaka ya 1990 walikuwa sasa wakipanda ndege za Guangzhou.

Hapo ndipo ilipozaliwa ile ofisi ya mtaani ambayo hakuna mwanauchumi aliyeiwekea jina: meza, kompyuta kuukuu, spika mbili, na kibao kilichoandikwa kwa mkono "Tunaweka nyimbo, video, gemu". Buguruni Sokoni, Buguruni Chama, Kwa Mnyamani, zilikuwa kila kona. Ulitoa kadi yako, ukamwambia kijana "niwekee za zamani", naye akakurushia Sikinde, Msondo, taarabu za Zanzibar na Franco wa Kongo, kwa bei iliyotegemea idadi ya nyimbo au uzito wake. Maafisa wa hakimiliki waliwafuata mara kwa mara, na miaka ya karibuni sheria imeongezewa tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vya kurekodia na kuhifadhia kazi za sanaa. Naikubali hoja ya tozo. Nashangaa tu kwamba dola imekiona kijikadi pale kilipobeba wimbo wa mtu, lakini haikioni pale kinapomdanganya aliyekinunua.

Nimefika kwenye sababu yangu binafsi.

Mwaka 2014 nilizunguka Buguruni na Ilala nikiwarekodi wazee, wengi wao wafanyakazi wastaafu wa reli na bandari, juu ya maisha ya mji kabla na baada ya Uhuru. Kinasa sauti nilikuwa nacho. Kadi ya gigabaiti 32 niliinunua katika duka moja mjini, ikiwa ndani ya pakiti yenye nembo na maandishi ya dhahabu. Niliwarekodi wazee 19, takriban saa moja kila mmoja. Baada ya mazungumzo mawili ya kwanza nilisikiliza, nikaridhika na sauti, nikaendelea. Kila jioni niliona majina ya mafaili yakiongezeka, kila moja na tarehe yake, na nikalala usingizi wa mtu mwenye akiba. Nilipoketi kuyanukuu, miezi kadhaa baadaye, mazungumzo sita tu yalikuwa mazima. Yaliyobaki yalikuwa majina matupu. Ilinichukua muda kuamini kwamba kosa si la kinasa sauti wala si langu. Kadi ile haikuwa ya gigabaiti 32. Ilikuwa ya 4.

Nieleze namna ulaghai huu unavyofanyika, kwa sababu watu wengi hudhani kadi feki ni kadi inayoharibika haraka. Si hivyo. Ndani ya kila kadi mna chipu ya kuhifadhi na chipu ndogo ya usimamizi, karani anayepokea mizigo na kuambia kompyuta ghala lina ukubwa gani. Mlaghai huchukua ghala dogo, kisha humfundisha karani kusema uongo. Unapoichomeka kadi, karani anatangaza 512. Unapoandika, anapokea kila kitu kwa adabu na kukupa risiti. Ghala likijaa, hakwambii. Mizigo inayofuata ama huiandika juu ya ile ya awali, ama huitupa nje ya mlango wa nyuma, huku daftari lake la majina likiwa kamilifu. Utagundua siku ya kuhitaji. Kwa hiyo ni ulaghai wa pekee, kwa kuwa mwenye kuibiwa huendelea kuweka mali yake kwa mwizi kwa miezi, akimshukuru.

Wala si ugonjwa wa Kariakoo pekee. Mhandisi wa Kimarekani Andrew Huang, aliyekuwa akisimamia utengenezaji wa kifaa chake China, alipata kadi zenye nembo ya kampuni mashuhuri zisizofanya kazi sawasawa. Alizichunguza hadi ndani, akazilinganisha na nyingine alizozinunua katika masoko ya Huaqiangbei, Shenzhen, na kukuta nambari za utambulisho zilizoandikwa ndani ya kadi zisizolingana na za kadi halali. Ikiwa kiwanda chenyewe, umbali wa daladala moja kutoka chanzo, kinauziwa feki, tutamlaumuje mmachinga wa Mtaa wa Kongo anayeuziwa kwa paketi asizoweza kuzipima?

Simlaumu. Namlaumu aliyepewa kipimo na mamlaka. Usiku wa 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu feki nchi nzima, na iliwezekana kwa sababu kila simu ina nambari yake ya utambulisho inayosomeka mtandaoni. Kijikadi hakina nambari inayosomwa na mnara wowote. Hakiwezi kuzimwa kutoka ofisini. Lazima mtu akifungue, akijaze, akisome. Tume ya Ushindani inayo Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na imekwisha kuteketeza shehena nyingi za bidhaa bandia. Lakini msingi wa sheria ile ni nembo: mwenye nembo ndiye mlalamikaji mkuu. Je, kadi isiyoiga nembo ya mtu, yenye jina la kubuni na uwezo wa kubuni? Hapo mwenye nembo hayupo, aliyepo ni mlaji tu, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inayomlinda mlaji inahitaji ushahidi ambao mlaji hana: risiti. Mashine za risiti za kielektroniki zimekuwapo tangu 2010, lakini nani hupewa risiti ya kijikadi?

Mpwa wangu alinisikiliza kwa subira ya kijana aliyelelewa vizuri, kisha akasema, "Sawa mjomba. Twende basi."

Tulipanda daladala Buguruni, tukaifuata Barabara ya Uhuru, tukapita Amana na Ilala Boma, tukashuka Kariakoo. Njiani nilimpa mambo machache ya kushika. Kwanza, asibabaishwe na namba kubwa ya kasi iliyochapwa kifuani mwa kadi, maana tundu la Steam Deck ni la daraja la UHS-I, ambalo halipitishi zaidi ya takriban megabaiti 100 kwa sekunde. Kadi ya kasi mara mbili itasubiri mlangoni kama mtu mnene mbele ya mlango mwembamba. Pili, atafute alama ndogo ya A1 au A2. Kamera huandika mstari mmoja mrefu bila kukatiza, lakini mchezo huokota vipande vidogo maelfu kutoka pembe zote za kadi. Kadi ya A1 lazima iweze kusoma mara 1,500 na kuandika mara 500 kwa sekunde, ya A2 mara 4,000 na 2,000. Kwa kazi yake A1 ya kweli inatosha kabisa, na ni bora kuliko A2 ya uongo. Tatu, kadi ikishapangwa upya na kifaa kile haitasomeka kwenye simu yake, kwa hiyo asiwe na ndoto za kuweka michezo na picha za harusi mahali pamoja.

Duka la kwanza walituonyesha terabaiti moja kwa bei ya sahani chache za chipsi kuku. Kijana wa duka hakuwa mwongo. Mpwa wangu alipomwuliza kama ni orijino, alinitazama mimi kwanza, akanipima mvi, kisha akasema taratibu, "Mzee wangu, kwa bei hiyo wewe unaonaje? Hii wananunua wa kuwekea nyimbo. Ukitaka ya kazi, ninayo, ila usilie bei." Akatoa nyingine kutoka droo ya chini, gigabaiti 512, yenye alama za A2 na V30. Bei yake ilikuwa mara kadhaa ya ile ya terabaiti. Hapo utaona kwamba katika soko lisilo na mpimaji, bei yenyewe ndiyo kipimo pekee kilichobaki, na bei ni kipimo kinachowaonea maskini, maana yule asiye na uwezo wa kulipia ukweli huuziwa uongo huku kila mtu dukani akijua. Tuliomba risiti. Kijana alicheka, lakini aliitoa. Tuliomba pia neno lake kwamba tukiipima ikakataa ataipokea, akatoa na namba ya simu.

Kupima ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na halina gharama. Ipo programu iitwayo F3, iliyoandikwa na Michel Machado. Kwa wenye Windows ipo H2testw iliyotokana na jarida la Kijerumani la c't. Zote mbili zinafanya kitu kilekile ambacho mkaguzi wa ghala mwaminifu angefanya: zinaijaza kadi hadi ukingoni kwa takwimu zinazojulikana, kisha zinazisoma moja baada ya nyingine kuona kama zimebaki zilivyoandikwa. Steam Deck inaendeshwa na Linux, kwa hiyo hatukuhitaji hata kompyuta nyingine. Kwa kasi ya megabaiti 80 kwa sekunde, kujaza gigabaiti 512 huchukua karibu saa 2, na kusoma tena hupungua kidogo tu. Anayetumia kisomeo cha zamani cha megabaiti 20 ajiandae kwa saa 7 za kujaza peke yake.

Tulirudi Buguruni, tukaianzisha kazi hiyo saa moja jioni chumbani kwa mpwa wangu, dada yangu akatuletea chai na maandazi, na tukakaa tunatazama namba zikipanda. Zilipopita gigabaiti 4 nilijikuta nimeacha kutafuna. Zilipopita 32 nilipumua. Karibu na saa tano usiku majibu yakatoka: kila kilichoandikwa kilisomeka, kilichoharibika sifuri. Mpwa wangu alifuta mafaili ya majaribio mara moja na kuanza kupakua mchezo wa mpira, jambo ambalo lingekula bando lake lote la mwezi, lakini hayo si ya mjomba kuyasemea.

Kisha akaniuliza kama ile kadi yangu ya wazee ninayo bado.

Ninayo. Imo katika bahasha, ndani ya pochi yangu, miaka yote hii. Sijui kwa nini siitupi. Alichomeka kisomeo, na majina yote 19 yakajipanga kwenye kioo, kila moja na tarehe yake ya 2014. Alifungua la kwanza. Sauti ya mzee mmoja wa Ilala, aliyefanya kazi ya reli tangu ujana wake na ambaye tulimzika mwaka uliofuata, ilitoka kwenye spika ndogo za kifaa kile cha michezo, ikimwagiza mjukuu wake aniletee kiti. Tulisikiliza kidogo. Akaruka hadi la saba. Hilo linasikika kwa dakika 18. Mama mmoja wa Buguruni anaeleza namna walivyochota maji kabla ya mabomba, anataja jina la kisima, anaanza kutaja jina la mtu aliyekichimba, na hapo sauti inakatika, ingawa kioo kinaendelea kuhesabu dakika hadi ya 58.

Mpwa wangu aliongeza sauti hadi mwisho, akasogeza sikio.